Mguu, Mkojo na Nundu ya Kuzaliwa

Mtu akiingia chumbani kwangu namwangalia viatu kabla ya uso. Ndiyo kazi. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba hapa Tanga, na katika viatu nimezoea kusoma mambo ambayo mwenyewe hajayasema: soli iliyolika upande wa nje tu, ncha iliyochubuliwa na sakafu kwa kuwa mguu haunyanyuki vizuri, pea ambayo kulia bado mpya na kushoto kumekwisha.

Fundi cherehani mmoja wa Makorora aliingia na ndala za rangi mbili. Nilipomuuliza alicheka. "Hii ya kushoto huwa inanivuka, dada. Natembea zangu, nasikia watu wananiita, we mama, umeacha ndala huku!" Hakuwa akihisi inapovuka. Alikuwa na miaka 36, watoto wawili, na karatasi ya rufaa iliyoandikwa maumivu ya kiuno. Karatasi haikusema uongo. Kiuno kilimuuma kweli, zaidi akiinama kukata kitambaa au kuosha vyombo, na maumivu yalishuka hadi makalioni na katikati ya mapaja, mahali ambapo mtu haonyeshi kwa kidole mbele ya wageni. Kukaa kitako mkekani alishaacha. Alikuwa akiswali kwenye kiti, kwa sababu rukuu ilimshinda. Ila karatasi haikusema kwamba mguu wa kushoto unavaa 37 na wa kulia 39, kwamba shavu la mguu ule mdogo limesinyaa, unyayo umepinda kwenda juu na vidole vimejikunja. Habari ya mkojo haikuwamo kabisa, maana hakuna aliyemuuliza.

Nilimwomba alale kifudifudi. Juu kidogo ya makalio, pembeni ya mstari wa katikati, palikuwa na uvimbe laini wa upana wa vidole vitatu, na ngozi ya juu yake ilikuwa na vinyweleo virefu visivyolingana na vya mahali pengine. "Hiyo nimezaliwa nayo," akasema. "Bibi alisema ni alama ya baraka, nisiiguse."

Mguu, mkojo na nundu vilikuwa vimekaa katika mwili mmoja miaka yote hiyo, na kila kimoja kilikuwa na safari yake. Mguu na kiuno vilipelekwa kwa daktari wa mifupa, akaandikiwa dawa za diski. Mkojo ulipelekwa duka la dawa, akameza antibiotiki za yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, hadi akachoka kuzihesabu. Nundu haikupelekwa popote. Ugonjwa aliokuwa nao, uti wa mgongo ulionasa, si mgumu sana kuushuku pale vitu hivyo vitatu vinapotajwa kwa mtu mmoja katika kikao kimoja. Tatizo ni kwamba havikutanishwi.

Uti wa mgongo ni fungu la mishipa ya fahamu linaloteremka kutoka kwenye ubongo, ndani ya mfereji unaotengenezwa na pingili za mgongo. Mimba ikiwa ya miezi mitatu, uti na mfereji wake vina urefu mmoja. Baada ya hapo mifupa hukua kwa kasi kuliko uti, na ncha ya uti inakuwa kama inapanda. Mtoto anapozaliwa, ncha iko karibu na pingili ya pili au ya tatu ya kiuno. Kwa mtu mzima huishia kati ya pingili ya kwanza na ya pili, yaani juu zaidi ya pale watu wengi wanapodhani. Kutoka hapo unashuka uzi mwembamba, wa sentimita 20 hivi, unaokwenda kujishikiza kwenye kifandugu. Kwa kawaida uzi huo hauzidi unene wa milimita 2, na unanyumbulika.

Sasa chukua mashua iliyofungwa gatini kwa kamba fupi wakati maji yametoka. Maji yakijaa, mashua inataka kupanda na kamba haitoi. Ndivyo ilivyo kwa mtu ambaye uzi wake ni mnene au umejaa mafuta, au ambaye uti wake umegandana na bonge la mafuta linalopenya kutoka chini ya ngozi hadi ndani ya mfereji. Kwa wengine kinachoshika ni kovu la upasuaji wa utotoni, au kipande cha mfupa kilichoupasua uti pande mbili, au kishimo chembamba cha ngozini ambacho njia yake inafika mpaka ndani. Mifupa inakua, mtu anainama na kuinuka miaka nenda miaka rudi, na uti unavutwa.

Kwamba kuvutwa huko kunaharibu nini hasa, halikuwa jambo lililo wazi mpaka mwaka 1981, daktari Shokei Yamada na wenzake walipochapisha uchunguzi wao wa paka na wa wagonjwa. Walionyesha kwamba uti ukivutwa, chembe zake hushindwa kutumia oksijeni sawasawa. Ukilegezwa mapema, hali inaweza kurudi. Ukivutwa kwa nguvu au kwa muda mrefu mno, hairudi. Ninapomwambia mgonjwa asubiri, au asisubiri, nategemea matokeo hayo.

Yamada huyohuyo aliwaachia madaktari kipimo kisichotaka umeme. Muulize mgonjwa kama maumivu yanamzuia kukaa kitako huku miguu imekunjwa, kuinama kidogo kama mtu anayeosha vyombo, na kusimama akiwa amempakata mtoto usawa wa kiuno. Nilipoyasoma maswali hayo nilicheka peke yangu. Mikao hiyo mitatu ni siku nzima ya mwanamke wa huku kwetu: mkeka, beseni la vyombo, mtoto ubavuni, na mimi ningeongeza ufagio wa njiti. Mwanamke akilalamikia hayo yote kwa pamoja huambiwa apunguze kazi. Sijui apunguze ipi.

Watu huuliza, ikiwa mtu amezaliwa nao, mbona unamshika akiwa na miaka 36? Madaktari nao walichelewa kulijibu hilo. Mwaka 1953 daktari wa mifupa wa Marekani, Garceau, alieleza habari za uzi unaovuta uti. Mwaka 1976 Hoffman na wenzake wa Toronto, Kanada, waliandika juu ya wagonjwa 31 na kuupa ugonjwa jina ambalo vitabu vya tiba vinalitumia hadi leo. Ulihesabiwa ugonjwa wa watoto. Ilipofika 1982, Dachling Pang na James Wilberger wakachapisha habari za watu wazima 23, na picha ikabadilika kidogo. Kwa mtoto, wazazi huona mguu unaopinda au mkojo usiokauka. Kwa mtu mzima kinacholeta mtu hospitali ni maumivu, tena mara nyingi ya eneo lile la makalio na njia ya haja, na mara nyingi kuna tukio lililoyaamsha: kujifungua, kuanguka kwa makalio, mazoezi ya kunyoosha miguu kupita kiasi. Uti uliokuwa ukistahimili mvuto mdogo unaongezewa mvuto wa ghafla, na ule ustahimilivu unakwisha. Fundi wangu aliniambia ndala ilianza kumvuka baada ya mtoto wa pili. Uchungu ulikuwa mrefu na magoti yalivutwa kifuani kwa saa nyingi. Ule mguu mdogo, nyumbani kwao waliuona tangu shule ya msingi, wakasema amerithi kwa babu.

Habari ya mkojo huwa naiingilia kwa mlango wa uani. Ukimuuliza mtu mzima kama mkojo unamponyoka, hasa mwanamume, atakwambia hapana na hatarudi tena. Kwa hiyo nauliza habari za safari. Ukipanda basi la Dar, unakunywa maji njiani? Fundi alisema huacha kunywa tangu jioni ya jana yake. Anavijua vyoo vyote vya Segera na Chalinze, hubeba khanga ya akiba kwenye mkoba, na hukaa kiti cha njiani ili asisumbue watu. Baada ya hapo mengine yalitoka yenyewe. Mkojo hauanzi mpaka abonyeze tumbo kwa kiganja. Akimaliza, anahisi bado. Choo anapata baada ya siku nne. Akijisafisha, upande mmoja hahisi vizuri mkono wake. Haya alikuwa hajamwambia hata mumewe.

Wanaume nao wana la kwao, nguvu za kiume, ila hilo hulipeleka kwa muuza dawa za mitishamba kabla ya kulileta kwangu. Ni mishipa ileile. Inayotawala kibofu, njia ya haja kubwa na tendo la ndoa hutoka kwenye ncha ya chini kabisa ya uti, na ncha ndiyo inayovutwa kwanza.

Nisieleweke vibaya. Wengi mno wanaokuja na kiuno hawana ugonjwa huu. Wana misuli iliyochoka, diski, mifupa iliyozeeka, na mazoezi yanawatosha. Huu ni wa nadra. Lakini kumlaza mtu kifudifudi na kumtazama mgongo hadi kifandugu kunachukua nusu dakika, na unajua cha kutafuta: nundu laini, kishungi cha nywele, kishimo kilicho juu ya mfereji wa makalio, baka jekundu la kuzaliwa, kovu. Kisha namtembeza kwa visigino, namtembeza kwa vidole, napima kwa utepe mzunguko wa shavu la kila mguu, napiga kinyundo magotini na nyuma ya visigino. Tofauti ya kando mbili ndiyo ninayoitafuta. Diski mara nyingi huuma kwa kufuata mstari mmoja hadi chini ya mguu. Uti ulionasa hauna nidhamu hiyo, unauma hapa, unatia ganzi pale, na unapoozesha kidole gumba cha upande mwingine.

Kuna hali moja isiyongoja miadi ya mtu yeyote. Mkojo ukifunga ghafla, au ganzi ikashika sehemu zote zinazokalia tandiko la baiskeli, au miguu ikalegea kwa saa au siku chache, mtu aende hospitali kubwa siku hiyohiyo, iwe chanzo ni uti ulionasa au kitu kingine.

Tuje kwenye vipimo. Eksirei ya kiuno ni rahisi na inapatikana, na ndiyo inayoleta kelele zisizo na maana. Itaonyesha mfupa wa nyuma wa pingili ya chini haukufunga vizuri, majibu yataandikwa kwa maneno ya kutisha, na mtu atarudi nyumbani akiwa ameshajihesabia kiti cha magurudumu. Upungufu huo mdogo wanao watu wazima kati ya asilimia 10 na 20, na walio wengi wanauishi mpaka kuzeeka bila kuujua. Peke yake si ugonjwa. Ukiambatana na nundu na mguu na mkojo, hapo ndipo unapokuwa na la kusema.

Kipimo chenyewe ni MRI. Unalala ndani ya bomba lenye kelele kwa dakika 30 hadi 45 bila kujitikisa, na kwa mwenye kiuno kinachouma dakika hizo ni ndefu. Picha inaonyesha ncha ya uti imeishia wapi, uzi una unene gani, na mafuta, ambayo yanang'aa meupe mahali ambapo hayapaswi kuwapo. Ncha ikionekana chini ya pingili ya pili ya kiuno, au uzi umezidi milimita 2, bingwa anakaa sawa kwenye kiti. Wapo pia wenye dalili zote na picha inayoonekana ya kawaida. Juu ya hao mabingwa wenyewe wanabishana, wengine wakiwapasua na wengine wakikataa, na mgonjwa wa namna hiyo ana haki ya kusikia maoni ya zaidi ya mmoja.

Sambamba na MRI, kibofu nacho kipimwe. Cha kwanza ni altrasaundi baada ya kukojoa. Mtu mwenye kibofu kizima hubakiza chini ya mililita 50. Anayebakiza zaidi ya 200 kibofu chake kimeshindwa kazi. Fundi alibakiza 260, na zile yutiai zake zisizokwisha zikapata maelezo: maji yaliyotuama hayakosi wadudu. Penye uwezo hufanywa pia kipimo cha mgandamizo, ambapo kibofu hujazwa maji polepole kwa mpira mwembamba huku mashine ikiandika nguvu zake. Kibofu kinachobana kwa nguvu huku mlango umefungwa hurudisha mkojo juu kwenye figo, na figo hazipigi kelele zinapokufa. Ndiyo maana bingwa wa mfumo wa mkojo anatakiwa awemo tangu mwanzo, pamoja na bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu.

Hawa wa pili wako wachache. Kwa Tanzania wagonjwa wengi huelekezwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili, MOI. Fundi alikuwa na cherehani mbili, akauza moja kwa ajili ya MRI na nauli. Picha ilionyesha uti unaoishia kwenye pingili ya nne ya kiuno, umezama katika bonge la mafuta lililounganika na ile nundu ya bibi.

Hapa naomba mama wajawazito na wakunga wanisikilize. Upasuaji mwingi wa uzazi siku hizi hufanywa kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, ambayo huchomwa sehemu ya chini ya kiuno kwa sababu kwa watu wa kawaida uti haufiki huko. Kwa mwenye uti ulionasa unafika. Sindano ya watu wote inaweza kumchoma yeye kwenye uti wenyewe. Mwenye nundu, kishungi cha nywele, kishimo au kovu la utotoni chini ya mgongo aliseme hilo kliniki, na alirudie kwa mtaalamu wa usingizi kabla hajainamishwa mgongo.

Bingwa alimweleza fundi na mumewe kwamba upasuaji wa kunasua uti una lengo kuu moja, kusimamisha uharibifu. Maumivu ndiyo yanayosikia dawa zaidi, na wengi hupata nafuu. Nguvu za mguu zinaweza kurudi kiasi, hasa zikiwa zimepotea karibuni. Kibofu ndicho kigumu, na kilichoharibika miaka mingi mara nyingi kinabaki hivyo. Mguu uliokwisha kupinda haunyooki kwa kukata uzi. Mume aliuliza, "Sasa daktari, si bora tuache?" Jibu lilikuwa kwamba mguu wa kulia, ule mzima, ulikuwa umeanza kufa ganzi.

Nimezungumza na wauguzi wa chumba cha upasuaji mara nyingi kuhusu kazi hii, kwa sababu inayofuata baadaye ni yangu. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi na kulazwa kifudifudi. Nyaya nyembamba hutegwa kwenye misuli ya miguu na kuzunguka njia ya haja kubwa. Daktari huondoa sehemu ndogo ya mfupa wa nyuma wa pingili, hufungua ngozi ngumu inayoufunika uti, kisha anafanya kazi chini ya hadubini. Kabla ya kukata uzi anaugusa kwa umeme mdogo. Misuli ikishtuka, kuna mshipa wa fahamu ndani yake na hapakatwi. Ikinyamaza, anakata, na mara nyingine huonekana ncha ya juu ikijivuta kwenda juu. Uzi mnene peke yake ni upasuaji wa wastani. Bonge la mafuta ni habari nyingine, kwa kuwa mishipa imepita katikati yake. Daktari mwenye busara huondoa kiasi, huachia uti, na hubakiza yale ambayo kuyafuata kungemgharimu mgonjwa miguu. Familia huona nundu bado ipo kidogo na kulalamika kwamba hakumaliza.

Hatari zipo na zisemwe. Maji yanayoogelesha uti yanaweza kuvuja kupitia kidonda, na maji yakitoka, wadudu wanaweza kuingia na kuleta homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo mgonjwa hulazwa chali au kifudifudi, bila kuketi, siku moja hadi tatu. Fundi alisema hizo zilimchosha kuliko kisu. Kichwa kinachopasuka mtu akiinuka na kutulia akilala, au shuka inayolowa maji meupe, ni sababu ya kumwita muuguzi usiku wa manane. Wapo wanaoamka na ganzi mpya au mkojo mbaya zaidi, wachache lakini wapo. Na uti unaweza kunasa tena kwenye kovu, miaka baadaye, zaidi kwa wenye mabonge ya mafuta. Kwa walionasa tena na tena, tangu miaka ya 1990 madaktari wa Japani walianza njia nyingine, ya kutoa kipande cha pingili na kuufupisha mgongo wenyewe ili uti upate ulegevu, bila kugusa kovu la zamani. Ni upasuaji mkubwa na haufanywi kila mahali.

Alirudi kwangu baada ya wiki sita. Maumivu ya kati ya mapaja yalikuwa yamekwisha, na hilo alilitaja kabla ya salamu. Tulianza taratibu, kifundo cha mguu, nyonga, kusimama kwa mguu mmoja akishika meza. Kunyoosha miguu kwa nguvu sikumpa, na sitampa. Nilimtengenezea kishikio cha kunyanyua unyayo kinachoingia ndani ya kiatu cha kufunga, ndala tukazipiga marufuku, na kwa sababu mguu wa kushoto hauhisi, kila jioni anautazama chini kwa kioo. Kidonda cha mguu usiohisi hugunduliwa kwa harufu, na wakati huo mtu ameshachelewa. Pedeli ya cherehani sasa anaikanyaga kwa kulia.

Kibofu hakikurudi. Alifundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba, mara nne au tano kwa siku, anaingiza, mkojo unatoka, anatoa mpira. Mwanzoni alilia. Njia hii ilitangazwa mwaka 1972 na Jack Lapides, daktari wa mfumo wa mkojo wa Chuo Kikuu cha Michigan, na wenzake hawakumwamini, kwa sababu alisema mikono safi ya sabuni inatosha na si lazima vifaa viwe vya chumba cha upasuaji. Hoja yake ilikuwa kwamba kibofu kisichojaa kupita kiasi hujilinda chenyewe, na kukiacha kijae ni hatari kuliko mpira usiochemshwa. Ameokoa figo nyingi mno. Fundi siku hizi anakunywa maji kwenye basi.

Yupo kijana mwingine, ambaye njia yake ilikuwa tofauti kabisa. Alizaliwa na mgongo wazi, akashonwa akiwa mchanga. Watoto wa namna yake zamani hawakufika mbali. Tangu miaka ya 2000, kwa kazi ya hospitali kama CURE ya Mbale, Uganda, Kijabe ya Kenya na MOI yetu, wengi wameishi, na sasa wanakuja kwangu wana ndevu. "Shikamoo mama," akasema, "miguu imeanza kunichoka." Miaka yote alitembea kwa vifaa hadi chuo, na ghafla ngazi zikamshinda. Karibu kila aliyeshonwa mgongo wazi ana uti ulioshikana na kovu ukimtazama kwa MRI, kwa hiyo picha peke yake haiamui kitu. Kinachoamua ni mabadiliko: alikuwa anaweza nini mwaka jana na sasa hawezi. Na mwenye mpira wa kutoa maji kichwani, kama yeye, lazima mpira huo ukaguliwe kwanza, maana ukiziba unaweza kuleta dalili zilezile. Kwake ulikuwa umeziba. Ulibadilishwa, na ngazi zikarudi bila mgongo kuguswa.

Kwa kina yeye nina tahadhari nyingine. Wengi wao miili inakataa mpira asilia, ule wa glavu na puto, hata kufikia kushindwa kupumua. Bendi zangu za mazoezi ni za mpira huohuo, basi kabla ya kumpa yeyote aliyezaliwa na mgongo wazi, nauliza.

Wa mwisho ni dereva wa lori aliyestaafu, mzee wangu wa miaka 61. MRI alipigwa kwa sababu ya kiuno, ikaonyesha uzi wenye mafuta, mnene wa milimita 3, na ncha ya uti iko mahali pake. Miguu yake ina nguvu. Mkojo, alisema, "ni wa kizee tu, mwanangu," jibu ambalo kwa mwanamume wa umri ule linaweza kuwa kweli, kwa sababu tezi dume nayo ipo. Bingwa hakuona sababu ya kupasua. Kwa mtu mzima asiyezidi kuharibika, kungoja kwa macho wazi ni tiba halali, mradi macho yawe wazi kweli. Kila baada ya miezi sita anakuja, namshikia kidole gumba anisukume, anatembea kwa visigino kwenye korido akinung'unika, kisha anakwenda altrasaundi. Mwaka jana alibakiza mililita 40. Safari iliyopita ilikuwa 130, na kidole gumba cha kulia nilikishinda. Amekubali kwenda Dar mwezi ujao, apimwe tezi na mgongo kwa pamoja.